Majibu ya Jumamosi

Siku hizi kila gari lilimpima hata dereva wake, na sheria ilitaka mtu wa nyumbani asome majibu kila Jumamosi kabla halijawashwa. Kwa Mzee Shekiondo, kule Lushoto, kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Namkunda.

Aliinama chini ya usukani, akapapasa juu ya kanyagio la breki mpaka akaligusa tundu la kupimia, akachomeka kifaa cha kusomea majibu. Maandishi yakatokea: injini nzima, breki nzima. Dereva amepotea njia ya nyumbani mara nne wiki hii. Asiendeshe tena.

“Linasemaje?” mumewe aliuliza, ufunguo mkononi.

Namkunda alikichomoa kifaa, akakificha ndani ya khanga. “Gari zima, baba Kihiyo. Ila leo naomba niendeshe mimi.”

Alitarajia ubishi, maana mumewe alikuwa mbishi tangu ujanani. Lakini mzee alimpa ufunguo kwa upole, akaketi kando yake, akafunga mkanda. Walipotoka getini aligeuka, akaitazama nyumba yao.

“Bustani nzuri ile,” alisema. “Wanakaa akina nani?”

Namkunda aliushika usukani kwa nguvu. “Twende kwanza, mume wangu. Tukirudi nitakuonyesha.”