Baba wa Chumba cha Tatu

Mtoto alikuwa amekwisha kufa mara saba tangu asubuhi. Kila alipokufa alipanguswa kwa spiriti, akafungwa nepi upya na kurudishwa mezani kumngoja mtahiniwa mwingine. Alikuwa wa mpira, na kwa haki ya Mungu alivumilia kuliko watahiniwa. Wawili kati yao walitoka wakilia.

Wa nane alikuwa muuguzi ambaye wenzake walimbandika jina la Sista Taarifa, kwa sababu alitangaza vifo kama anayesoma habari za saa mbili. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amelea watoto njiti, wale wanaoenea kiganjani, na sasa mtihani mmoja tu ulimtenga na stashahada yake ya uzamili. Alikuwa ameanguka mara mbili. Ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianguka hapo, chuo kinakushukuru kwa ushirikiano na kukusindikiza hadi getini.

Mtihani wenyewe ulikuwa huu: mpashe baba habari kwamba mwanawe amefariki. Baba huletwa na kikundi cha maigizo, kila mtahiniwa na wake, kila mwaka sura mpya, na kazi yake ni kupandwa na hasira. Watahini hukaa nyuma ya kioo, wanakuona na wewe huwaoni. Sheria ni moja. Ukiita msaada, au ukitoka kwenye uhusika hata kwa neno moja, umeanguka.

"Mara zote mbili uliongea kama spika ya msikitini yenye kutu," Profesa alikuwa amemwonya. "Alama kumi ni za ukweli, mama. Safari hii sema ukweli."

Sista Taarifa alikuwa bado anafunga vifungo vya koti ndani ya chumba cha tatu, chumba cha mtihani, mlango ulipopigwa teke.

Baba aliyeingia alikuwa na mabega kama kabati. Hakusalimu. Alikisoma kitambulisho kifuani pa Sista, herufi kwa herufi.

"Wewe ndiye wa wodi ya njiti?"

"Ndiyo, baba. Karibu uketi."

Kukaribisha kiti, alama mbili. Baba alikipokea kiti, akakinyanyua na kukivunjia ukutani.

"Naona una uchungu mkubwa, b..."

Kofi lilimkuta katikati ya neno. Halikuwa kofi la jukwaani, la kupiga hewa huku mguu ukigonga sakafu. Hili lilikuja na mkono wake wote. Sista Taarifa alilisukuma jino kwa ulimi, likacheza. Kumbe mwaka huu wamepandisha kiwango, aliwaza, akapiga hatua mbele badala ya kurudi nyuma. Kutomkimbia mzazi, alama tatu.

Toroli likapinduliwa. Mikasi ikasambaa. Mtoto wa mpira akaruka, akagonga dirisha, akaanguka kichwa chini, na hiyo ikawa mara ya nane.

"Dhaifu!" Baba alinguruma, akamshika koo na kumbana ukutani mpaka visigino vikaachana na sakafu. "Mliniambia alizaliwa dhaifu! Nilimpa kidole akakibana! Dhaifu gani anabana?"

Kidole hakikuwamo kwenye karatasi ya maelezo, lakini mwigizaji mzuri hutia chumvi. Damu ilimtiririka Sista puani, ikalichora koti lote hadi mfukoni. Masikio yakaanza kuvuma. Angeinua mkono tu, watahini wangekuja mbio. Angetoka mzima, na angetoka bila stashahada.

Hakuinua mkono.

Zilibaki zile alama kumi. Lakini mtoto wa mpira hana ukweli wowote wa kusemwa, basi ikabidi aazime. Akaazima wa wodini kwake, wa mwezi uliopita, ambao hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe.

"Hakuwa dhaifu," alisema kwa pumzi iliyobaki. "Mtungi wa oksijeni uliisha. Zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na watoto kumi na wanane peke yangu, na nilipogeuka alikuwa ameshakuwa wa buluu. Mimi ndiye niliyeandika dhaifu kwenye faili. Niliogopa. Nisamehe, baba. Mwanao alikuwa na nguvu."

Ngumi ilimpita sikio, ikazama ukutani. Plasta ikamwagika begani kwake. Kisha vidole vikalegea kooni, kimoja kimoja, na visigino vikairudia sakafu.

Baba alisimama akimtazama, kifua kikipanda na kushuka. Mkono wake ulikuwa umechubuka hadi nyama.

"Haya," alisema taratibu. "Sasa nimesikia."

Akatoka. Mlango aliurudisha kwa adabu, kama anayemwacha mgonjwa amelala.

Watahini waliingia wakipiga makofi. Profesa alikuwa amevua miwani na kuifuta kwa tai.

"Miaka ishirini na miwili sijaona kitu kama hiki! Hata mimi nimeamini. Ile habari ya mtungi, mama, umeitoa wapi?"

"Nimeibuni tu, Profesa," Sista Taarifa alisema, akalitema jino kwenye kiganja na kutabasamu kwa mdomo mwekundu. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu alijiona msomi.

Hodi ikabishwa mlangoni. Kijana mwembamba, shati limepigwa pasi, akachungulia huku akihema, karatasi ya maelezo mkononi.

"Mniwie radhi wakubwa, basi liliharibika njiani," alisema. "Mimi ndiye niliyetumwa na kikundi kuigiza baba wa mtahiniwa wa nane. Mmeshaanza?"