Mawimbi Yaliyoruka Mlima

Tangu maporomoko ya ardhi yazibe barabara, Mwasiti hakutulia mbele ya redio yake ya mawasiliano. Aliwasikia watu wa nchi za mbali wakisalimiana, lakini hakumsikia mdogo wake Athumani, aliyekuwa na redio kama hiyo kijijini, nyuma ya mlima ule uliomeguka.

"Si upandishe waya wa antena zaidi?" alisema jirani yake, Bi Kidawa.

Mwasiti alikwisha kuupandisha mara mbili. Akasimama ghafla. Waya wa juu hutupa mawimbi mbali. Yalikuwa yakiuruka mlima na kijiji pamoja, yakaenda kutua ng'ambo. Alihitaji yapande wima, yagonge tabaka la juu la anga, yashukie karibu.

Akaushusha waya hadi kimo cha kamba ya nguo.

"Sasa unaanika nini, mwanangu? Sauti?"

"Shika hapo, mama. Usiuache uguse bati."

Akarudi ndani, akaita. Mvumo mtupu. Akaita tena, safari hii kwa jina la mdogo wake badala ya herufi za utambulisho wa kituo chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mvumo ukakatika. Upande wa pili mtu alikuwa amebonyeza kitufe cha kuzungumzia, akihema. "Dada?"