Sikio la Atupele

Siku hizo kumbukumbu iliweza kuhamishwa kutoka kichwa hadi kichwa, lakini aliyeitoa hakubaki nayo. Bupe, aliyezaliwa baada ya baba yake kufa, alipokaribia kuolewa alimwomba mama yake zawadi moja tu: amjue baba. Atupele hakuweza kumnyima mwanawe. Wakaenda kliniki, akampa kila alichokumbuka kuhusu mumewe.

Alibaki akijua kwamba aliwahi kuwa na mume aitwaye Ambakisye, kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika. Sauti yake na harufu ya shati lake vilimtoka kabisa.

Jioni moja wakimenya ndizi, Bupe alicheka peke yake.

“Unacheka nini, mwanangu?”

“Nimemkumbuka baba. Mvua iliwakuta njiani, mkajibanza kibarazani kwa watu, akakunong'oneza sikioni.”

Kisu kilisimama mkononi mwa Atupele. “Aliniambia nini?”

Bupe aliinamisha uso kwa haya. “Mama, hilo siwezi kulitamka mbele yako.”

Atupele aliweka kisu chini. “Basi niambie tu, lilikuwa sikio lipi?”

Bupe alimgusa la kushoto. Mama akalifunika kwa kiganja, akatulia, akisikiliza.