Mlango Uliomkataa Wakesho

Tangu funguo zipigwe marufuku, milango yetu humtambua mtu kwa muziki anaoupenda. Mjukuu wangu Wakesho ni wa roki na metali, magitaa ya kukwaruza na waimbaji wanaonguruma kama wanakabwa. Mwezi huu ameanza kusikiliza jazi, na hip hop ya ajabu ambayo ngoma zake hujikwaa makusudi.

Jana jioni alirudi kutoka kazini, mlango ukakataa.

"Nyanya, hili bati limenikana!" aliita kutoka nje.

Hata upande wa ndani hauna kitasa. "We mlango, fungua. Ni Wakesho," nikauambia.

"Wakesho anapenda metali," ukajibu kwa sauti yake ya karani aliyeshiba. "Huyu ni mgeni."

"Mjinga wewe! Mtu akila pilau, kwani ameukana ugali?"

"Mwambie huyo mpumbavu bado nanguruma," Wakesho akasema. Akanguruma kweli, mpaka jirani yetu Mghoi akamletea kigoda akae, Mungu ambariki.

Mlango haukujali. "Wakesho yumo chumbani kwake," ulisema.

Nikageuka. Chumbani kwa Wakesho taa ilikuwa imewaka, na yale magitaa yalikuwa yakilia kwa kiwango kile kile cha sauti anachopenda yeye.

"Nyanya?" aliita, safari hii polepole. "Nani yuko humo?"

"Hakuna mtu, mwanangu," nikasema, nikauegemea mlango ili anisikie karibu. Sikuthubutu kwenda kutazama.