Radhi katika Nyumba ya Nne

Siku hizi barua ya posa haifunguliwi mpaka cheti cha jeni kisomwe, kisha mzazi aliyerithisha kasoro aombe radhi mbele ya watu. Asipoomba, posa imekufa. Bi Tunu alikwisha kuomba katika nyumba tatu, na zote zilimkataa mwanawe, Hatibu. Hii ilikuwa ya nne, na magoti yalimuuma hata kabla hajaketi mkekani.

Shangazi wa binti alivaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Korodani hazikushuka alipozaliwa. Alipasuliwa akiwa na mwaka mmoja. Mbegu chache mno. Jeni imetoka kwa mama." Akakikunja cheti. "Haya, mama Hatibu, tunakusikiliza."

Hatibu alikwisha kuinamisha kichwa. Bi Tunu aliitazama shingo ile aliyokuwa akiipaka poda utotoni, sasa imezoea kuinama bila kuambiwa.

"Harakisha basi, mama, chai inapoa," mjomba mmoja akatania, watu wakacheka.

"Iacheni ipoe," alisema Bi Tunu. "Jeni hiyo nilipewa na mama yangu, naye hakuichagua. Macho ya mwanangu mliyoyasifu mlangoni nayo yametoka kwangu, na hakuna aliyenishukuru. Binti yenu mkitaka kutunyima, tunyimeni. Radhi siombi."