Yosefu Mwenye Kipara

Willis alikuwa amembeba Mtakatifu Yosefu kwapani, amefungwa leso, na jasho lililokuwa likimtoka halikuwa la uzito. Hatua chache kabla ya lango la nyanya yake, karibu na misheni ya Asumbi, alisimama akamgeukia mgeni wake.

"Tafadhali, madam. Jina la Lenin usilitaje huko ndani. Utaniulia nyanya."

Daktari Liz akaapa hatalitaja. Alikuwa mwalimu wa historia chuo kikuu, na wiki nzima alikuwa akizunguka Migori na Homa Bay kutafuta masalio ya ukomunisti: vijana waliopelekwa Moscow kusoma miaka ya sitini, na walichorudi nacho. Alichokipata mpaka sasa kilikuwa cha aibu. Huko Awendo walimwonyesha trekta ya Kirusi. Akapangusa vumbi, akasoma kwamba imetengenezwa India. Huko Kosele mzee mmoja alikuwa na kofia ya manyoya ya Moscow, ila kuku alikuwa akiatamia ndani yake na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Ndipo Willis, mwenye duka la mbegu hapo Kosele na ndiye aliyekuwa akimtembeza, aliporopoka kwamba kwao kuna Lenin wa plasta, kichwa na mabega, hajavunjika hata sikio.

Taabu ni kwamba Nyanya Dorah alimwita Yosefu.

Marehemu babu, Mzee Rading', alirudi na sanamu hiyo kutoka masomoni, pamoja na digrii ya uhandisi na mdomo mchafu kuhusu mapadri. Aliiweka mezani. Mkewe, aliyekuwa katekista, akaihamishia kwenye rafu, kando ya picha ya Bikira Maria, na tangu hapo kila jioni akawa anaiwashia mshumaa na kusali mbele yake. Ukoo mzima ulijua, na ukoo mzima ukafyata mkia. Nani angemwambia mama wa watu kwamba nusu karne amempigia magoti mpinga Mungu? Hata babu hakusema. Cha ajabu ni kwamba Pasaka moja babu mwenyewe alienda akabatizwa. Wenzake walipomcheka alijibu tu kwamba mwanamume hali matapishi yake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mpango ulikuwa mwepesi. Nyanya akienda jikoni, Liz amchukue Lenin kwa maonyesho yake Nairobi, na Willis amweke Yosefu wa kweli waliyemnunua njiani. Nyanya alikuwa akilalamika kwamba macho yamezeeka, hangegundua. Mshumaa ungeendelea kuwaka, safari hii kwa mtu anayestahili. Willis alimpenda nyanya yake kuliko kitu chochote duniani, na alijiambia kwamba anamwokoa.

Walimkuta barazani akichagua ndengu. Vijiwe alivirusha kwa kuku, bila kukosea.

"Willis, nyakwara, mjukuu wangu! Na huyu ndiye bibi?"

"Hapana, Dani," Willis alimjibu nyanya yake. "Ni mgeni. Ni mwalimu."

"Mwalimu pia huolewa. Karibu, nyathina, mwanangu. Na wewe, umebeba nini?"

"Ni... ni unga, Dani."

"Unga siku hizi unavaa leso," alisema nyanya, akaenda kupika chai.

Sebuleni Liz aliisogelea ile rafu, akaziba mdomo asipige kelele. Ndiye. Kidevu chenye ndevu, macho makali, tai, na rozari juu ya tai. Kasoro ilikuwa moja tu: utosini plasta ilikuwa imelika, imebaki vishimo vishimo kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya maji.

"Bati linavuja?" alinong'ona.

"Halijawahi kuvuja. Chukua haraka!"

Willis alikuwa bado anamvisha Yosefu mpya ile rozari vikombe vilipogongana mlangoni. Nyanya aliangalia rafu. Akamwangalia mgeni, aliyemkumbatia Lenin kifuani kama anayemnyonyesha. Akaweka sinia mezani polepole.

"Huyo mwenye nywele ni nani?"

"Ni Yosefu, Dani. Ni yule yule. Tumemwosha."

"Mmemwosha, akaota nywele, akapata na mtoto?"

Willis alimtazama mtoto Yesu mikononi mwa sanamu, na uongo ukamwishia. Akapiga magoti. Machozi yalikuwa ya kweli.

"Dani, nisamehe. Yule wa zamani si Yosefu. Ni Mrusi, anaitwa Lenin. Hakumwamini Mungu hata kidogo. Sisi wote tulijua, tukaogopa kukuvunja moyo."

Liz alifumba macho akingoja mama mzee aanguke. Alichosikia ni chai ikimiminwa.

"Mnaniona mimi ni mjinga sana, eti?" alisema Nyanya Dorah. "Kwani Mzee Rading' angelala na huyu mtu nyumba moja asinieleze ni nani? Alinihubiria Lenin mpaka uji ukaungua. Lete hapa, nyathina. Huyo hasafiri. Mimi ni mama yake wa ubatizo, na ana dhambi nyingi. Nisipomwombea, nani mwingine atamwombea?"

Akampokea, akamrudishia rozari yake, akampapasa ule utosi uliolika.

"Babu yako aliapa mbele ya kaka zangu wote kwamba siku Lenin atabatizwa, hata yeye atakubali. Nikaenda jikoni, nikachota maji."