Kilo za Kijiti

Na wewe ulicheka. Usitazame pembeni, mimi sisahau. Ulisimama mlangoni pa ghala la nafaka ukisubiri maharage yako, na Kijiti alipopanda mizani ya magunia ukacheka mpaka ukajifuta machozi.

Kijiti ni kuli wa ghala lile, mwembamba kama jina lake. Alipoanzishiwa vidonge vya presha, nesi alimpima, akapata kilo sitini, akamwonya: "Dawa hizi wengine huwanenepesha. Uwe unajipima."

Basi akawa anapanda mizani ya ghalani. Wenzake hawaipandi hata uwape nini. Kwao, mtu anayejipima penye magunia anajipimia jeneza.

Mwanzo ilisema sitini. Mwezi uliofuata, sitini na nne. Kisha sitini na saba.

"Kijiti kawa gogo," kuli mmoja akasema.

"Mkewe anamfichia minofu uvunguni," mwingine akadakia.

Tajiri mwenye ghala ndiye aliyecheka kuliko wote. "Shuka bwana, utanivunjia mizani. Hiyo ni ya magunia, siyo ya matumbo."

Kijiti akaanza kuruka chakula cha jioni. Haikusaidia. Ndipo kimyakimya akaacha vidonge, akawa anavitumbukiza chooni, mpaka mkewe alipomfuma.

"Unataka kunifanya mjane kwa ajili ya tumbo?" mke akauliza. "Mama yako alianguka kwa presha hivihivi, ukiona kwa macho yako."

"Nanenepa, mama watoto. Nitabebaje magunia na mwili huu?"

"Umenenepea wapi? Suruali nakufunga kwa kamba. Ukipiga chafya inashuka."

"Mizani haina ndugu. Imesema."

"Basi unanenepa mifupa. Maana huo unga wa ghalani kwenu siku hizi hauna baraka, nikigeuka umekwisha. Unenepe kwa kula nini?"

Hata hivyo, Kijiti vidonge hakumeza.

Siku chache baadaye kichwa kikamtwanga kama kinu. Akayumba na gunia mgongoni, akaketi chini jasho likimtoka. Mkewe alipoitwa, akamkokota moja kwa moja hadi kliniki, akaanza kufoka kabla hawajakaribishwa kiti.

"Nesi, mbadilishie huyu dawa. Kaziacha kwa kuogopa unene, na mimi watoto siwezi kuwalea peke yangu."

Nesi akampima presha, akakunja uso. Akampandisha kwenye mizani. Akasoma, akamshusha, akampandisha tena.

"Mzee, nani kakwambia umenenepa? Sitini. Kama siku ile ya kwanza. Rudi kwenye dawa zako, leo."

Mke akaangua kicheko mpaka wagonjwa wa foleni wakageuka. "Nilikwambia! Ningekuzika bure, na kilo zako hizohizo."

Kijiti hakucheka mara moja. Alimeza kidonge mbele yao, akanywa maji taratibu, macho yakiwa kwenye mshale wa mizani ya nesi. Halafu naye akacheka, akakaza kamba ya suruali, akashika njia ya ghalani.

Na wewe, lile gunia ulilouziwa pale bado hujalifungua? Libebe, ukalipime kwingine leo hii, kisha tukutane mlangoni kwa tajiri.